Sauti ya Bibi Hinaya

Islaw Palmares anauza nyama ya nguruwe katika soko la La Paz, mjini Iloilo, na wateja wapya humwogopa kabla hajasema neno. Akisema, wanamwogopa zaidi. Sauti yake imekwaruzwa na sigara za ujana na kelele za sokoni, hata akikusalimia unadhani umemkosea. Mchana, mezani ikishabaki mifupa ya supu tu, huosha mikono kwa sabuni ya kufulia, humwachia mkewe Pacing kazi ya kufunga, huvuka barabara hadi kafe ya intaneti ya Nang Puring, hukaa kwenye kompyuta ya pembeni karibu na feni, na hapo huwa bibi kizee.

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana habari hii ina urefu wake na mimi sipendi kukatizwa.

Bibi mwenyewe anaitwa Hinaya. Ni Mmurga, mtu wa kinamasi katika mchezo wa mtandaoni uitwao Ardul. Wamurga wana meno mawili yaliyochomoza kama ya ngiri, ngozi ya rangi ya matope, na majani yanawaota mgongoni. Si wazuri. Vijana wengi wanaoingia Ardul huchagua kuwa watu warefu wenye nywele za dhahabu na upinde begani, wakajipa majina yasiyotamkika. Anayechagua kuwa Mmurga ni mtu aliyechoka na urembo, na watu wa namna hiyo ni wachache, ndiyo maana wakikutana hushikamana.

Ukoo wao ulikuwa na sheria moja isiyo na mzaha. Ukishaingia kinamasini wewe ni Mmurga mpaka utoke, na utasema kama Mmurga. Huwezi kuandika kwamba mama anakuita ukale. Utaandika kwamba moshi wa jikoni umekuita, na wenzako watakuaga kwa heshima zote. Mtu akisahau akataja mtihani au foleni ya barabarani, anatupiwa matope mpaka anyamaze.

Hinaya ndiye mganga wa ukoo, na uganga huo aliupata kwa sababu ya umeme. Mwanzoni alikuwa mvuvi wa kambare tu, anakaa nyuma kwenye vikao na kusikiliza. Siku moja kikao kikiwa kimepamba moto, umeme ukakatika La Paz nzima. Mchezo ule una tabia ya kumwacha mtu wako amesimama palepale hata kama mashine yako imezimika, macho wazi, hajibu. Watu wa koo nyingine wangesema huyu katupwa na mtandao, wakaendelea na mambo yao. Wamurga hawakuweza kusema hivyo, kwa sababu kinamasini hakuna mtandao. Wakatazamana, wakaamua kuwa amepandwa na mizimu.

Umeme uliporudi, Islaw aliwasha kompyuta akakuta ukoo mzima umepiga magoti kumzunguka, mienge mikononi, na mtemi wao anauliza mizimu imesema nini. Angeweza kuomba radhi na kueleza. Badala yake akaandika kile ambacho Lola Ibyang, bibi yake aliyemlea, alikuwa akiwaambia wageni wote, padri akiwemo: kwamba wanapiga kelele mno na hakuna anayesikiliza. Wakainamisha mienge. Tangu siku hiyo hakuna jambo kubwa lililofanyika kinamasini bila Bibi Hinaya.

Na kazi hiyo aliifanya kwelikweli. Vitani aliponya majeraha kama waganga wote wa Ardul, lakini hilo lilikuwa dogo. Kabla ya kuingia pango lolote aliwasimamisha watu waombe ruhusa kwa wenye pango wasioonekana, kama sisi wa Iloilo tunavyoomba tukipita penye kichuguu au mti mkubwa. Waliogombana walimletea ugomvi wao. Kulikuwa na msichana mmoja, Mmurga mdogo aitwaye Susuwi, aliyekuja kila alasiri kukaa miguuni pake bila kusema kitu, na baada ya muda mrefu akaandika kwamba katika nchi ya mbali kuna mama yake, na hajui kama atamwona tena. Bibi Hinaya hakumuuliza nchi gani. Alimpa kazi ya kukoroga chungu, akamsimulia habari za kambare mpaka akacheka.

Sokoni hakuna anayemuuliza Islaw chochote isipokuwa bei ya mbavu. Hapo ndipo penye ukweli wote wa habari hii, na hata Pacing, anayemtania mchana kutwa kwamba yeye Pacing ana mke mwenza, na mke mwenza huyo ni Islaw mwenyewe, anaujua.

Balaa liliingia kupitia kikosi kiitwacho Chuma. Hao walikuwa wengi, wana silaha za kung'aa, na kinamasi kilikuwa njia yao ya mkato. Walipita katikati ya vikao vya Wamurga wakiua kila aliyeketi njiani. Katika Ardul kifo si kirefu, mtu hufufuka kwenye jiwe la ukoo na kurudi, lakini ukiuawa kila siku ukiwa unazika mtu au unaozesha binti, unachoka. Baadhi ya Wamurga walianza kutoonekana. Ndipo mkuu wa Chuma alipotuma neno kwamba ukoo ukiingia chini yake hautaguswa tena. Masharti yalikuwa machache. Hakuna vikao, hakuna kuandikaandika. Kila mtu avae hedifoni, aongee kwa mdomo wake kama mtu wa kawaida, afanye anachoambiwa.

Mtemi Gorvan akalipenda wazo hilo. Islaw alilisoma mara mbili. Kwa vidole yeye ni Bibi Hinaya. Kwa mdomo ni muuza nguruwe mwenye sauti ya gunia la changarawe. Siku atakayofungua kinywa, bibi amekufa, na safari hii hakuna jiwe la kumfufua.

Lakini kulikuwa na desturi. Ukoo hauhami wala haubadili bwana mpaka mganga arushe mifupa. Ardul ina mifupa yake: unaandika neno la kurusha, mchezo wenyewe unatoa nambari kati ya moja na mia, na wote waliopo wanaiona. Chini ya hamsini, mizimu imekataa. Kuanzia hapo kwenda juu, imekubali. Mkono wa mtu haufiki.

Gorvan nje ya mchezo ni Kirby, mwanafunzi wa uhandisi aliyepanga chumba nyuma ya soko. Hakuwa amejua kwamba mganga wake yu jirani, mpaka alipogundua kwamba kila umeme unapokatika chumbani kwake, naye akibaki na betri ya kompyuta na intaneti ya simu, Bibi Hinaya naye anapandwa na mizimu. Akapita kwenye kafe za La Paz akiuliza. Nang Puring akamwonyesha kidole ng'ambo ya barabara.

Alifika mezani kwa Islaw asubuhi, kijana mwembamba mwenye miwani, akiruka madimbwi ili asichafue viatu, akamwita Nong kama wadogo wanavyomwita mwanamume aliyewazidi umri.

"Samahani, Nong. Natafuta mtu anayecheza Ardul kwa Nang Puring."

"Umempata."

"Hapana, ninayemtafuta ni mwanamke. Mtu mzima kidogo." Akamgeukia Pacing. "Labda ni wewe, Nang?"

Pacing alicheka mpaka akaegemea mizani, na mizani ikaandika uzito wa nguruwe mzima. Islaw aliweka panga chini.

"Toto, mimi ndiye Hinaya. Na wewe utakuwa Gorvan, maana ni yeye tu ninayemjua anayejibiwa kitu akauliza tena."

Kijana alimtazama mikono, akatazama aproni, akatazama kichwa cha nguruwe kilichoning'inia kati yao. Kisha akaeleza shida yake, na ilikuwa shida ya haki. Alisema watu wanaondoka. Alisema amechoka kuwa mtemi wa maiti. Alichotaka ni jambo dogo: Bibi asirushe mifupa, atangaze tu kwamba mizimu imekubali, kwa sababu ikirushwa inaweza kukataa na ukoo utaisha wote.

"Nitarusha," Islaw alisema.

"Ni mchezo, Nong. Ni nambari ya kompyuta."

"Kama ni mchezo, mbona umevuka madimbwi yote haya kuja kuniomba nidanganye?"

Kirby uso ukamwiva. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikutaka kufika huku. Lakini nikiwaambia wale watu kwamba bibi yao ni mwanamume mwenye kisu na aproni ya damu, utabaki na nini?"

"Nitabaki na kisu."

"Na ukiwaambia," Pacing akadakia, "waambie na kiuno cha nguruwe leo ni kizuri. Haya, nunua au sogea, unanizibia wateja."

Kijana aliondoka bila kununua. Islaw aliendelea kukata, lakini mkewe aliona kwamba vipande vinatoka vikubwa kwa vidogo, jambo lisilo la kawaida yake, na hakumtania tena siku ile.

Siku ya mifupa ukoo wote ulikuja, hata wale waliokuwa wameshaacha. Walijaa kwenye matope mpaka kompyuta ya Nang Puring ikawa inakokota. Gorvan alisimama na shoka lake. Bibi Hinaya alizunguka moto, akaita wakubwa wa kinamasi mmoja mmoja kwa majina, hakuruka hata mmoja, akaomba wasikilize na waseme. Kisha Islaw akaandika neno la kurusha.

Themanini na saba.

Mizimu imekubali. Kisha Susuwi akaomba, kwa maneno ya Kimurga na adabu yote, kwamba huenda wakubwa hawakusikia vizuri kwa sababu ya mvua, Bibi arushe tena. Wengine wakaunga mkono. Hata Gorvan hakupinga. Islaw aliitazama kibodi. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba mifupa hairushwi mara mbili, na kama kuna siku aliyotaka kitu kwa moyo wake wote ilikuwa ile. Alikasirika, aliikasirikia mizimu, akaukasirikia ukoo, akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa mtu wa namna hii.

Akaandika: "Nimeuliza, nimejibiwa. Anayeuliza mpaka apate jibu analolitaka huyo haulizi, anaamuru. Fungeni mizigo."

Kesho yake Wamurga walikuwa ndani ya Chuma.

Islaw alikwenda kafe mapema kuliko kawaida na kumwomba Nang Puring hedifoni. Mama huyo alimpa bila swali, ila alimtazama sana. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka shule, viti vimejaa, na wachuuzi wawili wa sokoni walikuwa wamekaa mlangoni wakinywa soda. Wote wanamjua. Wote wameshamsikia akigombana na wapangaji wa meza na madereva wa malori ya nguruwe.

Kwenye skrini, kikosi kilikuwa kimesimama mbele ya pango la Joka la Chumvi. Mkuu wa Chuma, sauti ya kijana wa mjini aliyezoea kutiiwa, aliita watu mmoja mmoja wajitaje. Wakajitaja. Wamurga nao, walipofikiwa, walijitaja kwa sauti ndogo za watu waliovuliwa nguo: mmoja Jun, mmoja Thelma, mmoja alikohoa tu. Susuwi alikuwa na sauti ya mama mtu mzima. Kirby alisema, "Kirby, Iloilo," kama askari.

"Mganga. Mganga mwenye majani mgongoni. Jitaje."

Islaw alijua afanye nini kwa kuwa alikwisha kuwaza usiku kucha asiwaze kitu kingine. Mifupa ilisema ukoo uingie. Haikusema bibi afe. Akasogeza maikrofoni mdomoni, na katikati ya kafe ile, mbele ya wanafunzi na wachuuzi, akatoa sauti ya Lola Ibyang: ya puani, nyembamba, inayotetemeka mwishoni lakini haiombi kitu kwa mtu.

"Mimi ni Hinaya wa kinamasi. Na ninyi wenye mabati mmesimama mlangoni pa watu bila hodi. Ombeni ruhusa, ndipo tuingie."

Kafe ililipuka kwa kicheko. Mchuuzi mmoja soda ilimtoka puani. Ndani ya hedifoni nako walicheka, wengi, muda mrefu, na mkuu wao alicheka zaidi ya wote.

"Ndiye huyo?" alisema. "Kirby, ndiye muuza nguruwe uliyeniambia? Mzee, tunakujua. Ongea kama mtu."

Basi Kirby alikuwa amekwisha kusema. Islaw alisikia masikio yanawaka moto. Angeweza kuvua ile hedifoni na kurudi mezani kwake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Huyo muuza nguruwe namfahamu," Bibi Hinaya akasema, sauti ileile. "Ni mtu mwaminifu. Lakini hayupo hapa, niko mimi. Na simponyi mtu aliyeingia nyumba ya watu kama mwizi."

"Toka," mkuu alisema. Hakuwa akicheka tena. "Nimekufukuza. Kuna mwingine anayetaka kuongea kipuuzi?"

Kisha yule aliyejiita Thelma akasema kwa sauti nzito ya kujilazimisha kwamba yeye ni Ogmo mpasua magogo, na magogo yake yako kwa bibi. Jun akasema yeye ni Tarraku. Yule wa kukohoa akakohoa tena, halafu akanguruma Kimurga kitu ambacho hakuna aliyekielewa na kila mtu alikielewa. Mkuu akawafukuza mmoja mmoja kadiri walivyofungua vinywa, mpaka Mmurga pekee aliyebaki ndani ya Chuma akawa Gorvan, ambaye hakusema kitu.

Hivyo hawakuvunja neno la mifupa. Waliingia walipoambiwa waingie, na wakafukuzwa.

Chuma hawakulichukulia hivyo. Kabla Wamurga hawajafika mbali kinamasini, walipoketi kwenye matope kumzunguka Bibi Hinaya, kikosi kikawafuata na kuwakatakata wote. Islaw alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa akisema, "Wakubwa wa maji haya, tumerudi tukiwa wachache, lakini—" skrini ikawa nyeusi.

Akafufuka kwenye jiwe. Wenzake wakafufuka pembeni yake. Wakatembea mpaka palepale, wakaketi kwenye matope yaleyale, na Bibi akaendelea alipokatiwa: "—lakini tuna vinywa, na leo mtatusikia kwa masikio—" Wakauawa. Wakafufuka. Wakaketi. "—masikio, maana vidole vimechoka." Sasa Wamurga wote walikuwa wakiitikia kwa mdomo, wakisikika kwa kila aliyesimama karibu nao, wa Bacolod, wa Davao, mwingine sijui wapi, sauti zinapishana, nyingine zinapasuka kwa aibu. Kila walipouawa walirudi na neno lililofuata. Watu wa Chuma walianza kuishiwa na la kufanya. Panga unalo, maneno huna. Gorvan alisimama kati yao na shoka lake. Hakupiga mtu, na hakuondoka.

"Mnataka nini?" mkuu wao alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza ilisikika kwamba ni kijana mdogo.

"Wewe pita pembeni, mjukuu wangu," Bibi Hinaya akamjibu. "Tunaongea."

Kwenye kafe vicheko vilikuwa vimepungua, ila wale wachuuzi wawili bado walikuwa wakimwigiza kwa sauti ya puani, na wanafunzi wakirudia maneno yake wakipigana vikumbo. Islaw hakugeuka. Shingo yake ilikuwa nyekundu na shati limelowa mgongoni. Pacing alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya vitambaa vya meza, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Hajawahi kuingia kafe ile hata siku moja. Aliweka ndoo chini kwa kishindo.

"Nyamazeni," aliwaambia wote. "Bibi hajamaliza."